Amerikani: Kitambaa Kilichochaguliwa kwa Vidole

Katika duka moja la Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, mwanamke amesimama mbele ya meza ya kanga karibu robo saa na bado hajauliza bei. Amefumbata ncha ya kanga kiganjani, akaiachia, akatazama mikunjo inavyofunguka. Ameinua kitambaa kuelekea mwanga wa mlangoni aone kama nyuzi zimebanana. Amekisogeza puani. Sasa ametoa leso nyeupe mkobani, ameilowesha kwa maji ya chupa, na anaisugua taratibu kwenye wekundu wa pindo.

"Hiyo haichuji, mama," muuzaji anamwambia.

"Subiri kwanza, baba," anajibu, macho hayabanduki kwenye leso.

Muuzaji anasubiri, maana amezoea. Wateja wake wa miaka mingi hawanunui kwa kuambiwa. Hakuna tangazo la redio lililowafundisha ukaguzi huu. Wameurithi kwa mama na nyanya zao, na una historia ndefu kuliko duka lolote lililobaki mtaani hapo. Katika karne ya 19, ukaguzi wa namna hii uliamua kiwanda gani cha Massachusetts kiendelee kufuma, na mfanyabiashara gani wa Uingereza arudi na marobota yake.

Tarehe 21 Septemba 2033 itatimia miaka 200 tangu Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, watiliane saini mkataba wa urafiki na biashara mjini Muscat. Ushuru wa bidhaa za Wamarekani uliwekwa asilimia 5, na milango ya Zanzibar ikawa wazi kwa merikebu za Salem, mji mdogo wa bandari kaskazini mwa Boston. Miaka minne baadaye, Richard Waters wa Salem alifika Unguja akiwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Siku ya maadhimisho ikifika, bila shaka zitasomwa hotuba kuhusu masultani, mabalozi na merikebu. Walionunua hawatatajwa, na hapo ndipo historia hii huharibikiwa kila inaposimuliwa.

Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake *Domesticating the World* cha mwaka 2008, ameipindua hadithi hiyo. Kwa maelezo yake, watu wa Afrika Mashariki hawakuwa wakipokea chochote kilichoshushwa bandarini. Walikuwa wateja wagumu, wenye ladha iliyobadilika kutoka nchi hadi nchi, na viwanda vya ng'ambo vililazimika kuwafuata. Makala haya yanasimama upande wake, kwa sababu ushahidi upo, na sehemu yake imo ndani ya Kiswahili chenyewe.

Kitambaa kilichoshinda kiliitwa amerikani. Kwa macho hakikuwa na mvuto wowote wa haraka. Kilikuwa pamba tupu isiyong'arishwa, yenye weupe uliofifia kuelekea manjano, na hapa na pale kidoa cha ganda la mbegu kilichobaki katika uzi. Ila ukikishika ulikuwa unajua umeshika kitu. Kilikuwa kizito na kimefumwa kwa kubana. Mtu alijifunga mchana na kujifunika usiku. Kilifungiwa mzigo, kikalipia posho ya mpagazi na hongo ya kupita katika nchi ya mtemi. Nguo yenye kazi zote hizo haiwezi kuchaguliwa kwa kutazamwa tu.

Kipimo chenyewe kilikuwa mwili. Dhiraa ilianzia kwenye kiwiko ikaishia kwenye ncha ya kidole. Dhiraa nne zilifanya shuka, na shuka mbili zikafanya doti. Kabla mnunuzi hajajua urefu wa kitambaa alikuwa amekwishakipitisha chote juu ya mkono wake, sehemu kwa sehemu. Penye uzi uliolegea au wanga uliozidi, ngozi ilipata habari kabla ya jicho.

Habari ya wanga ndiyo iliyozusha ugomvi mkubwa.

Nyuzi za mtande hupakwa uji wa wanga kabla ya kufumwa ili zisikatike kwenye kitanda cha mfumi. Hilo ni jambo la kawaida katika kazi hiyo. Lakini wanga unaweza pia kuficha udhaifu. Kitambaa chepesi kikishibishwa uji, kinakuwa kizito mkononi, kinasimama, kinaonekana imara. Kifue mara moja na uzito wote unakwenda na maji ya ndoo, unabaki na kitu kama chandarua. Lancashire, kitovu cha nguo cha Uingereza, ilikuja kusifika vibaya kwa mchezo huu, hasa katikati ya karne ya 19, pale udongo mweupe wa kaolini ulipoongezwa ndani ya uji huo ili kitambaa kizidi uzito. Katika safari ndefu za baharini baadhi ya marobota yalivunda. Hapo pua nayo ikawa na la kusema.

Waingereza waliona mapema kwamba Wamarekani wanawashinda Zanzibar, nao wakafikiri siri iko kwenye muhuri. Kila jora la amerikani lilikuja na chapa ya kiwanda. Basi wakagonga chapa za Kimarekani kwenye vitambaa vyao wenyewe na kuvifananisha kwa kila njia waliyoweza. William Ruschenberger, daktari wa manowari ya Kimarekani *Peacock* iliyotia nanga Unguja Septemba 1835, ameandika habari hiyo. Kwa maelezo yake, wanunuzi waliugundua ujanja huo. Waliona kitambaa cha Kimarekani kinadumu kuliko kile cha kuiga, na wakachukua hatua ambayo hakuna mwenye kiwanda angeitarajia: kwa kuogopa kudanganywa, wakaacha kununua kwa Waingereza kabisa.

Inafaa kukaa kidogo juu ya uamuzi huo. Wanunuzi wale hawakuwa na shirika la viwango wala maabara. Wengi wao hawakuweza kusoma maandishi ya kizungu yaliyogongwa kwenye jora, na walioweza walijua sasa kwamba maandishi yanadanganya. Kilichobaki kwao ni vidole na kumbukumbu ya kitambaa baada ya kufuliwa. Wakaviamini hivyo, wakaadhibu biashara nzima. Ruschenberger alikuwa Mmarekani, na fahari ya nchi yake inasikika katika maandishi yake. Lakini lugha inamuunga mkono. Kamusi za zamani za Kiswahili zina neno *ulaiti*, kitambaa hafifu cha pamba kutoka Ulaya. Lipo pia *gamti*, nguo iliyohesabiwa chini ya amerikani. Hukumu ya sokoni imehifadhiwa katika majina.

Salem ilisikia. Mwaka 1847 kiwanda cha mvuke cha Naumkeag kilianza kufuma mjini humo, na Zanzibar ikawa miongoni mwa masoko yake makubwa ya mwanzo. Kilichorudi Marekani kilikuwa pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Na hapa pana jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa sababu ni laini kuchonga, na nyingi ziliishia Connecticut, zikapasuliwa kuwa vibao vya piano. Wapigaji walizipenda kwa jinsi zinavyokaa chini ya kidole, hazitelezi mkono ukitoka jasho. Sandarusi ya mrima ikawa vanishi ya kung'arisha samani. Mkono wa Mnyamwezi ulichagua kitambaa, mkono wa binti wa Boston ukachagua pembe. Wale ndovu walilipa, na wale waliobebeshwa pembe hizo hadi pwani, wengine wakiwa watumwa, walilipa pia. Hilo halifai kufichwa na uzuri wa hadithi.

Bara, mambo yalikuwa makali zaidi, hasa katika shanga. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, alitaja aina zipatazo 400 za shanga katika biashara hiyo. Zilizotamaniwa kuliko zote zilikuwa samesame, nyekundu kama marijani. Alisikia zikipewa majina ya utani: moja lilimaanisha kwamba zinamaliza chakula, kwa kuwa mtu yuko radhi kutoa mlo wake azipate, jingine kwamba zinavunja mji. Henry Morton Stanley, akijiandaa Zanzibar mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alinunua magunia 22 ya shanga za aina 11, na hesabu hiyo ilimtoa jasho. Nyeusi zilipokelewa Ugogo, kwingineko zikawa takataka. Sungomaji zilikuwa na thamani Ujiji. Nyeupe zilikwenda Ufipa lakini zingedharauliwa Ukonongo. Aliyekosea rangi alikosa chakula njiani, hata kama alikuwa na mali ya kujaza ghala.

Joseph Thomson naye, akielekea Umasaini mwaka 1883, alilazimika kukaa Taveta watu wake wakizitunga upya shanga, maelfu kwa maelfu ya nyuzi, kwa sababu Wamasai hawakuzipokea ila zikiwa zimetungwa kwa urefu wanaoutaka wao. Wageni wengi waliandika mambo haya kwa kejeli, kana kwamba ni ukaidi wa kitoto. Kumbe ni wao waliokuwa hawajui kusoma soko.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikausha pamba. Amerikani ikapanda bei na kuadimika, na nguo za Manchester na Bombay zikaziba pengo. Viwanda vya Bombay vilijifunza kuiga ule uzito na ule mguso, na mwisho wa karne vikawa vimelikamata soko. Naumkeag iligeukia mashuka ya vitandani, ikaungua katika moto mkubwa wa Salem wa 1914, ikajengwa tena, ikafungwa 1953.

Lakini si mguso peke yake ulioamua. Laura Fair, katika kitabu chake kuhusu Zanzibar, *Pastimes and Politics*, anaonyesha kwamba nguo hiyohiyo iliyokuwa mali huko bara, mjini Unguja ilikuwa vazi la mtumwa, pamoja na kaniki, ile iliyotiwa nili. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliyaacha mavazi hayo na kujifunga kanga. Amerikani ilikuwa imara vilevile, haikupungua uzi hata mmoja, ila mwanamke huru hakutaka tena kuisikia mwilini mwake. Alitaka rangi. Jicho likachukua ukuu uliokuwa wa kidole.

Asili ya kanga inasimuliwa kwa namna nyingi. Simulizi inayopendwa ni ya wanawake wa mjini walionunua leso za kichapo kabla hazijakatwa, wakaziunga sita ziwe shuka moja. Neno leso lenyewe ni la Kireno. Jina kanga lilitoka kwa ndege, kwa madoa yake. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza 1887, lile lijulikanalo kwa "Mali ya Abdulla", linatajwa kuwa ndilo lililoanza kuandika jina kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Tangu hapo mnunuzi akawa na mambo matatu ya kupima kwa jicho: pindo, mji na jina. Zikachapwa Uingereza na Uholanzi, kisha India na Japani, na wachapaji wote wakakumbana na taabu ileile, kwamba mtindo wa wanawake wa pwani haumsubiri mtu.

Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kwa muda kanga ya nyumbani ilivaliwa kwa fahari. Yaliyofuata yanajulikana: soko huria, mitumba, mashine kuukuu, milango kufungwa. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa unafuu wa ushuru, nyingi zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa unafuu huo kwa upande wa nguo. Katika mjadala ule wote zilizungumzwa ajira na ushuru. Ni nani aliyemuuliza mama wa Kariakoo kwa nini anashika shati la mtumba la pamba na kuliacha jipya la nailoni linalouzwa bei ileile? Pamba ya Simiyu na Shinyanga, sehemu kubwa, bado inauzwa nje ikiwa haijasokotwa. Kuna uchungu katika hilo, na aibu pia, kwa nchi ambayo vidole vya watu wake viliwahi kuwaelekeza wafumaji wa Massachusetts.

Aibu nyingine ni ya kumbukumbu. Anayetaka kusoma barua za wafanyabiashara waliokuwa wakihangaikia ladha ya Unguja na Unyamwezi itampasa aende Massachusetts, kwenye maktaba ya Peabody Essex Museum. Huku, Beit al-Ajaib, jumba lililokuwa na makumbusho ya historia ya Zanzibar na pwani ya Waswahili, liliporomoka kwa sehemu Desemba 2020. Ile miaka 200 ikiadhimishwa, na maonyesho yakaandaliwa Unguja au Bagamoyo, itakuwa dhuluma kipande cha amerikani kikiwekwa ndani ya kioo chenye kibao cha "usiguse". Kifumwe upya, kizito vilevile, kwa pamba ya Simiyu. Kando yake kiwekwe cha kuigiza, kilichoshibishwa wanga, na beseni la maji katikati, watoto wa shule wavifue vyote viwili na kuvishika tena.

Mtaa wa Uhuru, leso ya yule mama imetoka na alama ya waridi, hafifu lakini inaonekana. Anamwonyesha muuzaji bila kusema neno. Muuzaji anaitazama, anaikunja kanga, anageuka kwenye rafu ya nyuma na kuanza kuteremsha nyingine.