Kitabu Hiki Kilipigwa Chapa Wapi?

Watu wengi wakitaka kujua asili ya kitabu cha kale hufunua ukurasa wa kwanza, husoma jina la mji, nao huridhika. Lakini jina hilo ni neno la shahidi mmoja tu, na wazee wa baraza hawakati shauri kwa shahidi mmoja.

Tutazame vitabu vya Kiebrania, yaani lugha ya Agano la Kale. Mwaka 1627 Menasseh ben Israel alianza kutoa vitabu vya lugha hiyo mjini Amsterdam, katika Uholanzi. Herufi za mji huo zikasifiwa Ulaya yote. Basi wapiga chapa wa miji mingine, kama Sulzbach na Fürth katika Ujerumani, wakaandika juu ya vitabu vyao, “kwa herufi za Amsterdam”. Maneno “kwa herufi za” yalikuwa madogo mno, bali “Amsterdam” lilikuwa kubwa. Mnunuzi mwenye haraka aliona Amsterdam, akatoa fedha yake.

Wengine walificha mji kwa hofu, wala si kwa tamaa. Mwaka 1836 serikali ya Urusi ilifunga mitambo ya Kiebrania, ikaruhusu miwili tu. Kitabu kilichotolewa kwa siri kiliweza kubeba mwaka wa zamani au mji wa mbali, ili aliyekipiga chapa asikamatwe. Tukilikubali jina la uongo, twamsahau mtu aliyejihatarisha ili wenzake wapate kusoma.

Je, kweli hupatikanaje? Kwanza, tusome maandishi yote ya ukurasa wa kwanza, hata yaliyo madogo, kisha ukurasa wa mwisho, maana huko mara nyingine wafanya kazi hutaja majina yao. Pili, tuhesabu mwaka. Waebrania huandika hesabu kwa herufi, kama mashekhe wa pwani wajuavyo abjadi. Jumla ya hesabu fupi ikiwa 500, tukiongeza 1240 twapata mwaka 1740 hivi. Tatu, tulinganishe herufi, mapambo na karatasi na zile za kitabu kisicho na shaka. Pambo lililopasuka mahali pamoja katika vitabu viwili ni kama kovu usoni. Lakini mapambo huuzwa pia, kwa hiyo shahidi huyu naye asisikizwe peke yake.

Hata kwetu jambo hili lipo. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alianzisha mtambo wa chapa. Tafsiri ya Kurani iitwayo Himyan al-Zad, iliyoandikwa na Muhammad Atfayyish wa Mzab, katika Algeria, ilipigwa chapa Unguja. Mtu akikisia kwa makao ya mwandishi, atawanyima Waunguja sifa yao.

Basi, enyi wenzetu wa Sekei, mkiachiwa na wazee Biblia au kitabu cha nyimbo kilichochakaa, msiuache ukurasa wa kwanza wala wa mwisho ukasokotewa tumbaku. Mashahidi wa kitabu hukaa humo, nao wakiisha kuungua, hakuna wa kuulizwa.