Ribiti

Kwenye vibanda vya jua kali hapa Nakuru utasikia “piga riveti”. Kamusi zimeandika ribiti, nami naipenda: imetua vizuri ulimini. Neno lilitufikia kupitia Kiingereza, kilicholichukua kwa Wafaransa.

Hiyo “piga” ndiyo inayonishughulisha. Ribiti ya kawaida hutaka mikono pande mbili za bati: huku nyundo, kule chuma kizito cha kukingia, ili mkia wa ribiti ubondeke na kubana. Sasa mfikirie anayejiundia ndege ndogo kwa vipande. Bodi ya ndege hunywea kuelekea mkiani, na mwishoni mkono haupenyi kushika chuma hicho. Hapo hutumika ribiti yenye msumari katikati. Koleo huuvuta kutoka upande wa nje, kichwa chake hutanua mkia wa ribiti kule ndani, kisha msumari hukatika: pop!

Waingereza huiita kipofu, kwa kuwa upande wa pili hauonekani. Sisi tuiite ribiti ya kuvuta. Fundi haipigi, huivuta, na jina limfundishe mwanagenzi kazi yenyewe kabla hajashika koleo.