Helikopta za Januari 1964

Juma hili nataka tuzungumzie helikopta za kale za kijeshi. Kusini-magharibi mwa Uingereza, katika mji wa Chard, kipo kikundi kiitwacho Historic Helicopters. Kazi yake ni kuzifufua helikopta zilizostaafu jeshini na kuzirusha kwenye maonyesho ya ndege. Mojawapo ni ya aina ya Wessex.

Mimi sina ugomvi na burudani hiyo. Atunzaye chombo chake cha kale hutunza pia historia yake. Lakini Wessex imo katika historia yetu sisi pia, na siku ile haikuja kwa maonyesho.

Tarehe 20 Januari 1964, kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles kiliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Askari walitaka nyongeza ya mshahara, na maofisa wa Kiingereza waondoke ili Waafrika washike nafasi zao. Kesho yake kikosi cha pili, huko Tabora, nacho kikaasi. Reli iendayo Tabora hupita hapa Kilosa. Jambo hilo, basi, halikuwa la Dar es Salaam peke yake.

Serikali iliyokuwa na miaka miwili tu ya uhuru ikalazimika kuomba msaada kwa mtawala wa jana. Alfajiri ya tarehe 25, helikopta za Wessex na Belvedere ziliruka kutoka manowari Centaur, zikawashusha makomandoo kando ya kambi ya Colito. Manowari Cambrian ilipiga mizinga ya kutishia. Askari wachache waliuawa, wengine wakasalimu amri. Wa Tabora nao wakanyang'anywa silaha.

Mwalimu Nyerere hakuficha kwamba kuomba msaada huo ilikuwa fedheha. Baadaye askari wa Nigeria walikuja kushika nafasi ya Waingereza, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi. Colito sasa ni Lugalo.

Watoto wetu wanaujua mwaka 1964 kwa Mapinduzi na Muungano. Huku kwetu wanaambiwa pia kuwa ndio mwaka ilipoanzishwa Hifadhi ya Mikumi. Habari za Colito na Tabora wengi hawazijui.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana wa miaka 20 wakati ule sasa amepita 80. Helikopta ikichakaa hutafutiwa kipuri. Mzee akiondoka, ameondoka na maneno yake. Nawaomba walimu wa Kilosa na Mikumi: kama mtaani kwenu yupo mstaafu wa jeshi au wa reli wa siku zile, wapelekeni wanafunzi wakamsikilize, na kila mmoja awe na daftari lake.