Maziwa, Kibuyu na Kidonge

Kwetu Kabonga, mpakani na Tanzania, maziwa hayakuwa chakula cha kila siku. Tulikua kwa ugali wa muhogo, ndagala na mawese. Nilipofika Bujumbura kusoma, shangazi yangu alinipokea kwa kikombe kikubwa cha maziwa yaliyochemshwa. Katika nchi ambayo salamu ya "amashyo" ni kumtakia mtu makundi ya ng'ombe, nani angekataa? Usiku ule tumbo lilijaa gesi, likaniendesha hadi alfajiri. Asubuhi wakanitania kwamba watu wa ziwani hatujui vitu vizuri.

Utani huo ndio ulionipeleka kwenye historia. Mwaka 1966 G. C. Cook na S. K. Kajubi walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wao wa Uganda: Waganda wazima wengi walipungukiwa na laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, kuliko watu wa jamii za wafugaji. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, baada ya kupima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kuwa uwezo wa mtu mzima kusaga maziwa ulienea huku pamoja na ufugaji, katika miaka 7,000 hivi. Yaani waliobadilika ni wanywaji. Sisi wa tumbo bovu tumebaki na mwili wa kale. Najua takwimu za makabila zilivyotumiwa vibaya kwetu. Hapa kinachosomwa ni chakula cha mababu, si hadhi ya mtu. Na mababu wa ukanda huu wa ziwa waliishi na mbung'o na malale. Ng'ombe wengi walikuwa milimani.

Baadaye binamu yangu alirudi kutoka Ubelgiji na vidonge vya laktasi. Alan Kligerman wa New Jersey, mtoto wa familia ya wauza maziwa, alianza biashara hiyo miaka ya 1970, kwanza kwa kimeng'enya cha kutia katika maziwa. Kimeng'enya chenyewe hutolewa kwenye hamira au ukungu. Kidonge humezwa unapoanza kunywa. Ukichelewa saa nzima ni bure. Hakiponyi chochote, kinasaidia mlo ule tu. Kilinisaidia, lakini vilipokwisha sikuvipata madukani.

Shangazi akacheka. "Mwanangu, si ungesema? Kunywa ya kuganda."

Vijidudu vya kibuyuni hula sehemu ya sukari ile na kuigeuza asidi, kisha huendelea kuivunja tumboni. Kazi ileile ya kidonge. Siku hizi nikikaribishwa naomba ya kuganda, na hakuna anayeniuliza natoka wapi.