Risasi zilizooga baharini

Najua nimeadimika, msinune. Wiki nzima nilikuwa nakimbizana na semina ya historia, bumu lenyewe lilishaisha zamani, na chumbani kwetu tumebanana kama dagaa. Leo nimepumua, nikasema niwaandikie kitu kilichonitoa usingizi.

Mada niliyopewa ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu. Nikajisemea hii ni rahisi, namwaga habari za von Lettow-Vorbeck, jinsi alivyowazungusha Waingereza miaka minne, nakaa chini, makofi. Kumbe sivyo. Nilipoanza kusoma nikakwama kwenye kitu kidogo sana: ganda la risasi.

Twende taratibu. Januari 1915 Wajerumani waliwashinda Waingereza pale Jasini, pwani, karibu kabisa na mpaka wa Kenya ya leo. Walishinda, lakini kwa hasara. Walimaliza risasi kama 200,000, na Lettow mwenyewe akapiga hesabu akaona kwa akiba iliyobaki anaweza kupigana vita vya namna ile mara tatu tu. Meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, kwa hiyo hakuna kuagiza. Tena askari wake wengi walikuwa bado na bunduki za zamani za mwaka 1871, zile za baruti nyeusi. Ukifyatua moja, moshi unapanda kama wa jiko la kuni, adui anajua ulipo. Yaani vita ilikuwa inaelekea kwisha yenyewe.

Ndipo ikaja meli. Ilikuwa ya mizigo, jina lake Rubens, ila ilijifanya ya Denmark na kujiita Kronborg. Iliondoka Ujerumani Februari 1915, ikazunguka Afrika yote kwa kupitia rasi ya kusini, na katikati ya Aprili ikafika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Meli ya kivita ya Waingereza, Hyacinth, ilikuwa inaisubiri. Kapteni wa Rubens, Carl Christiansen, akafanya ujanja: aliipeleka meli kwenye maji mafupi, akafungulia maji ya bahari yaingie ndani, halafu juu akawasha moto. Waingereza walipoona inaungua wakaamini kazi imekwisha, wakaondoka zao.

Kumbe mzigo uko chini, salama. Salama kiasi, maana umelowa. Watu wakaingia kuutoa: bunduki mpya na risasi kwa mamilioni, zikabebwa pwani na kupelekwa bara.

Sasa hapa ndipo ninapopataka. Risasi nzima ina vitu vinne: kichwa kinachoruka, baruti, ganda la shaba ya manjano linaloshika vyote, na kule kitakoni fataki, kile kidude kinachopigwa na sindano ya bunduki kikawasha baruti. Maji ya chumvi ni adui wa vyote. Ganda linaota kutu ya kijani, baruti inaharibika, fataki inakufa. Ukifyatua unasikia "ta!" halafu kimya. Na ukilifuta ganda kwa nje likang'aa kama pete ya bibi harusi, bado hujafanya kitu, ugonjwa uko ndani.

Dawa ilikuwa moja tu: kuzifungua zote. Kazi hiyo ilifanyika Moshi Mpya, pale reli ya kutoka Tanga ilipoishia, yaani mji wa Moshi wa leo. Lettow ameandika katika kumbukumbu zake kwamba kwa miezi kadhaa kila askari na mpagazi aliyepatikana aliwekwa kwenye kazi hiyo, asubuhi hadi usiku. Kung'oa kichwa, kumwaga baruti, kuisafisha, kubadilisha fataki zilizokufa, kufunga tena. Fataki mpya zilikuwepo nchini ila za aina nyingine, wakabanana nazo hivyo hivyo.

Halafu zikagawanywa kwa madaraja. Zile nzima ambazo hazijawahi kulowa waliwekewa bombomu peke yao, maana bombomu ikikwama katikati ya mapigano mmekwisha. Zilizosafishwa ambazo karibu moja katika tano ilikuwa inagoma, hizo zilikwenda vitani na askari. Zilizozidi hapo, za mazoezi. Hebu jiweke wewe: adui anakuja, una risasi tano, na unajua moja ni kimya. Ipi? Hujui.

Mimi kwetu ni Moshi. Stesheni ile nimepita mara ngapi sijui, nikienda sokoni, nikienda shule. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mji wangu uliwahi kuwa karakana ya risasi.

Basi nikapresenti. Nikasema kwa mbwembwe kwamba bila mikono ile vita ingekwisha mapema, Lettow asingefika hata 1916. Makofi kidogo. Mwalimu akavua miwani, akauliza: "Na ingekwisha mapema, nani angepata hasara?"

Nikabaki nimesimama kama nguzo.

Kwa sababu vita haikuisha. Machi 1916 meli nyingine, Marie, ikaleta silaha nyingine Sudi, kule Lindi. Vita ikateremka kusini, ikavuka Ruvuma, na Lettow akasalimisha silaha Abercorn, Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Katika miaka hiyo wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, pande zote mbili, wengi kwa maradhi na njaa, siyo kwa risasi. Majeshi yalichukua vyakula na ng'ombe vijijini. Ukame ulipoongezeka, Wagogo wakapata njaa kubwa wanayoiita Mtunya, 1917 mpaka 1920.

Yaani mpagazi aliyekaa Moshi akisugua ganda la shaba alikuwa anairefusha vita iliyokuja kumla yeye na ndugu zake. Na hakuulizwa. Christiansen jina lake tunalo, Lettow ana vitabu. Wale wa Moshi hata orodha yao sijaikuta.

Mwalimu amenipa alama nzuri tu, hapo sina neno. Ila likizo nikienda nyumbani nitakaa na wazee niwaulize kama kuna aliyesikia kwa babu yake habari za kusugua risasi. Na wewe mdau, mwulize babu yako, kabla hajachoka kusimulia.

Haya, nakimbilia foleni ya kantini. Tuonane wiki ijayo.