Masomo ya jumla vyuoni: Funzo kutoka Mukuru kwa Reuben

MWANAFUNZI anayejiunga na chuo kikuu nchini Kenya kusomea uhandisi, sheria au uuguzi aghalabu hushangaa anapoisoma ratiba ya mwaka wa kwanza. Kando na masomo ya taaluma aliyoichagua, humo mna stadi za mawasiliano, somo kuhusu Ukimwi na pengine falsafa au misingi ya maendeleo. Wengi huyasoma usiku wa kuamkia mtihani na kuyasahau kabla ya matokeo kutolewa.

Hayo ndiyo masomo ya jumla, na shabaha yake ni kumwezesha msomi kufikiri nje ya mipaka ya taaluma yake. Katika vyuo kadhaa vya Marekani yapo pia katika kiwango cha juu zaidi: programu maalumu za wanafunzi bora. Humo kikundi kidogo huketi na wahadhiri wa taaluma mbili au tatu na kulichambua suala moja, kama vile maji au umaskini, muhula mzima.

Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York kilianzisha somo la lazima kuhusu ustaarabu mwaka 1919, punde baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1922 Frank Aydelotte, rais wa chuo cha Swarthmore ambaye alikuwa amesomea Oxford, alianzisha mpango wa semina ndogo kwa wanafunzi hodari. Mitihani yao ilisimamiwa na watahini kutoka nje ya chuo.

Kenya ilirithi tawi la Uingereza la mti huo huo. Huku kwetu, heshima ya kitaaluma ni daraja tu: mwanafunzi akipata wastani wa alama 70 na zaidi, hufuzu katika daraja la kwanza. (Neno lenyewe lina utata, kwani shahada ya heshima katika Kiswahili ni ile anayotunukiwa kiongozi mashuhuri bila kukanyaga darasani.) Hakuna anayemuuliza mhitimu huyo iwapo aliwahi kulijadili tatizo moja na mwenzake wa idara nyingine.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulifuta kidato cha tano na cha sita na kuifanya shahada ya kwanza kuwa ya miaka 4. Mwaka ulioongezwa ndio uliotoa nafasi kwa masomo ya jumla. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa wametangulia kwa sababu za kisiasa: baada ya Azimio la Arusha la 1967, chuo cha Dar es Salaam kiliyafanya masomo ya maendeleo kuwa ya lazima. Jijini Nairobi, chuo cha USIU, kilichofunguliwa 1969, kingali kinafuata desturi ya Kimarekani.

Hata hivyo, mfano ulio bora zaidi haupatikani katika ratiba ya chuo chochote. Unapatikana Mukuru kwa Reuben, wadi ya eneobunge la Embakasi Kusini, kwenye vibanda vya mabati kando ya Eneo la Viwanda na Mto Ngong.

Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Reuben, Mukuru kwa Njenga na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, ambamo huishi takriban familia 100,000. Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, vilishirikiana na Muungano wa Wanavijiji na mashirika mengine kuchunguza hali ya mitaa hiyo. Kazi iligawanywa kwa makundi: maji na nishati, fedha, ardhi na sheria, afya, elimu, mazingira, nyumba na miundomsingi. Wanafunzi wa mipango ya miji nao waliingia vichochoroni pamoja na wenyeji.

Tuchukue suala la choo. Mhandisi peke yake angesema bomba la majitaka lipite barabarani. Lakini barabara ya upana wa kawaida ingebomoa nyumba za maelfu ya watu. Akija mwanasheria, anagundua kwamba sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa ya umma, kisha ikakodishwa kwa watu na kampuni binafsi katika miaka ya 1970 na 1980 kwa masharti ya kujenga viwanda vidogo, masharti ambayo wengi hawakuyatimiza. Naye mtaalamu wa fedha anaonyesha kuwa mkazi wa Mukuru, ambaye hudhaniwa kuponea huduma za bure, hununua maji kwa bei ghali kuliko mkazi wa mtaa uliopangwa. Jibu likawa mabomba membamba, yasiyochimbiwa mbali, yanayofuata vichochoro vilivyopo. Jibu hilo halikuwa katika kitabu cha taaluma moja.

Wala si kwamba mambo yalinyooka. Mwishoni mwa 2021 maelfu walibomolewa makao Mukuru kwa Njenga ili kupisha barabara. Katika masika ya 2024 Mto Ngong ulifurika, na serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Kipimo hicho nacho kinamhitaji mtaalamu wa mito, wakili na daktari katika chumba kimoja, pamoja na mama aliyepoteza nyumba.

Suala hili lina uzito sasa kwa sababu mfumo mpya wa elimu wa 2-6-3-3-3 unatenga miaka 3 kwa chuo kikuu. Kundi la kwanza, lililokamilisha Gredi ya 9 mwaka 2025, linatarajiwa vyuoni 2029. Mwaka mmoja ukikatwa, masomo ya jumla ndiyo yatakayokuwa ya kwanza kutupwa, na kwa jinsi yanavyofundishwa katika kumbi zilizofurika, ni wachache watakaoyalilia.

Badala ya kuyatupa, vyuo vingeweza kuyaunganisha kuwa somo moja la nyanjani kwa wanafunzi wote, si kwa wenye alama za juu pekee. Kizuizi kikubwa ni cha kiofisi: idara ipi itamlipa mhadhiri, na alama za mwanafunzi wa sheria aliyeshinda siku nzima akipima mitaro Mukuru zitaandikwa wapi.