Kidole, Mashine na Mashahidi wa Historia

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja alinijia ofisini na kadi ya kamera yenye picha 1,412 za fainali ya mpira wa miguu kati ya vitivo viwili. Aliomba nimsaidie kuchagua moja tu, ya kuchapishwa katika jarida la wanafunzi. Tuliketi karibu saa tatu. Bao pekee la mchezo ule lilikuwa na picha 23, zilizopigwa mfululizo kwa kubana kitufe bila kukiachia. Katika picha ya 11 mguu wa mshambuliaji ulikuwa bado nyuma. Katika ya 12 mpira ulikuwa umekwisha kuondoka kwenye fremu. Tendo lenyewe, lile ambalo wanafunzi walilishangilia hadi usiku, halikuwamo.

Kijana alishangaa. Aliamini kwamba mashine yenye kupiga picha 10 kwa sekunde haiwezi kupitwa na jambo. Nikamwomba tufanye hesabu. Ikiwa kila picha huchukua sehemu moja ya elfu ya sekunde, basi picha 10 huchukua sehemu 10 kati ya 1,000. Sehemu 990 zilizosalia hupita kamera ikiwa imefumba jicho. Mpira unaokwenda kilomita 100 kwa saa husafiri karibu mita 3 kati ya picha moja na inayofuata. Mashine huona mara nyingi, lakini kila mara huona kwa kitambo kidogo mno.

Ndugu msomaji, mjadala huu ni mkongwe kuliko kamera za kisasa. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga safu ya kamera kando ya njia ya farasi ili kujibu swali lililomsumbua tajiri Leland Stanford: je, farasi anapokimbia, kuna wakati kwato zote nne huwa hewani? Picha zilithibitisha kwamba upo. Miaka minne baadaye, Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza chombo mfano wa bunduki, kilichoweza kupiga picha 12 kwa sekunde. Wote wawili walitaka kujua mwendo ulivyo, na kwa lengo hilo mfululizo ulikuwa njia sahihi. Mwanasayansi huhitaji hatua zote kwa sababu hajui bado ipi ina maana.

Mwanahabari wa michezo ana kazi nyingine. Yeye huulizwa: ni tukio gani, katika dakika 90 au raundi 15, linalobeba habari nzima? Kwa miongo mingi alilijibu kwa kidole chake. Usiku wa Mei 25, 1965, katika mji wa Lewiston, Maine, Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza. Neil Leifer, kijana wa miaka 22, alikuwa kando ya ulingo. Taa zake za mwako zilikuwa zimefungwa juu ya ulingo, na zilihitaji muda kujikusanyia tena umeme kila zilipowaka. Hakuwa na nafasi ya kujaribu mara tano. Alibonyeza mara moja, na picha ya Ali akiwa amesimama juu ya mpinzani wake, mkono umekunjwa kifuani, ikawa miongoni mwa picha za michezo zinazojulikana zaidi duniani.

Hata hivyo, tusiigeuze hadithi hii kuwa wimbo wa kusifu ustadi peke yake. Ukiitazama picha ile vizuri, kati ya miguu ya Ali utamwona mpiga picha mwingine, Herb Scharfman, mkongwe kuliko Leifer na mwenye uzoefu kumzidi. Usiku ule alikuwa upande wa pili, na alichokiona ni mgongo wa Ali. Bahati ya kiti ilikuwapo. Lakini bahati ilimpa Leifer nafasi tu. Kuitumia nafasi hiyo kulimtaka awe tayari.

Mashine za mfululizo ziliingia viwanjani taratibu. Nikon F ya mwaka 1959 iliweza kufungiwa mota na kupiga takriban picha 4 kwa sekunde. Mwaka 1972 Canon ilikuwa na kamera maalumu yenye uwezo wa picha 9. Lakini mkanda wa filamu ulikuwa na picha 36 tu. Kwa picha 4 kwa sekunde, mkanda huisha katika sekunde 9. Jim Hines alishinda mita 100 kule Mexico City mwaka 1968 kwa sekunde 9.95. Aliyebana kitufe tangu mlio wa bastola angeishiwa filamu kabla mshindi hajafika kwenye utepe. Mtaka yote hukosa yote. Uhaba ulimlazimisha mpiga picha aujue mchezo: mwanariadha huinua kifua wapi, mlinda mlango huanza kuruka mguu gani.

Leo uhaba huo haupo. Zipo kamera za picha 120 kwa sekunde, na kadi hubeba maelfu. Je, kidole kimestaafu? Sidhani. Julai 29, 2024, wakati wa Olimpiki ya Paris, mashindano ya kuteleza mawimbini yalifanyika Teahupo'o, Tahiti. Jérôme Brouillet wa shirika la habari la AFP alikuwa ndani ya mashua. Alitarajia kwamba Gabriel Medina wa Brazili, akimaliza wimbi lake, angetoka akishangilia. Alipiga picha 4 tu. Katika mojawapo Medina anaonekana wima angani, kidole kikielekea juu, na ubao wake umesimama sambamba naye. Mfululizo ulitumika, lakini ulitumwa na mtu aliyejua wapi pa kutazama na lini pa kuanza.

Hoja yangu basi si kwamba zamani palikuwa bora. Hoja yangu ni kwamba mfululizo haukufuta uamuzi, umeuhamisha. Zamani uliamuliwa uwanjani, mbele ya tukio. Sasa huamuliwa baadaye, mezani, na mara nyingi na mtu ambaye hakuwapo. Na anayefuta picha 1,411 ili kubakiza moja anaandika historia, hata kama hajui. Swali la kisiasa liko hapo: nani anafuta, na kwa kigezo gani?

Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa kamera ya kuazima na mkanda mmoja wa picha 36 kwa mashindano ya wiki nzima. Picha 11 zilizosafishwa bado zimo katika faili la kadibodi, kila moja ikiwa na jina na tarehe nyuma yake kwa kalamu. Miaka ya baadaye tulihamia dijitali, tukajaza diski moja kwa picha ambazo hakuna aliyezipa majina. Diski ile iliharibika. Kwa hiyo tunazo kumbukumbu za wiki ile moja ya uhaba, na hatuna chochote cha miaka sita ya neema.

Nimalizie Mexico City. Oktoba 20, 1968, Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda marathoni. Zaidi ya saa moja baadaye, giza likiwa limeingia, Mtanzania John Stephen Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji baada ya kuanguka njiani. Alikuwa wa mwisho, wa 57 kati ya waliomaliza. Watazamaji wengi walikuwa wameondoka. Tunamwona leo kwa sababu wachache wenye kamera walikuwa bado pale.

Katika tukio lile, kasi ya mashine isingemsaidia aliyekwisha kwenda hotelini. Nilimsimulia mwanafunzi wangu habari hii, kisha tukarudi kwenye picha zake. Tulichagua ya 1,397: mlinda mlango aliyefungwa, ameketi peke yake chini ya lango, uwanja umekwisha kuwa mtupu. Ilikuwa picha moja, isiyo na mfululizo. Nikamwambia aandike jina la yule kijana kabla hajalisahau.